Barua Niliyomsomea Mama

Mwalimu mgeni wa Kiingereza shuleni kwetu, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, alinijia ofisini na karatasi ya mtihani aliokuwa anautunga. Alikuwa ameandika vivumishi vinne vya kumweleza mtu ambaye tabia fulani imemkaa muda mrefu, wanafunzi wachague kimoja: "habitual", "chronic", "inveterate", "confirmed". "Madam," akaniuliza, "hivi haya maneno yana tofauti kweli, au Waingereza wanatusumbua tu?" Nikamweleza la kwanza. Nikamweleza la pili na la tatu, vizuri kabisa, kwa mifano. Nilipofika la nne nikamwambia nina kipindi, nikatoka. Sikuwa na kipindi chochote. Nilikwenda kusimama nyuma ya jiko la shule, pale wapishi wanapomwaga maji ya kuoshea mchele, nikakaa hapo mpaka kengele ikagongwa.

Maneno yale manne niliyasikia kabla sijajua Kiingereza chenyewe. Niliyasikia kwa baba, juu kule kwetu mlimani, saa moja na nusu ya kupanda kwa miguu kutoka Kiboriloni, katika nyumba ya mbao iliyokuwa imezungukwa na migomba kiasi kwamba mvua ikinyesha ilitufikia kwanza masikioni, kwenye majani, kisha ndipo kwenye bati. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Watu wote walimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi. Alikuwa na Kiingereza ambacho hakikuwa na mahali pa kwenda. Darasani alifundisha "this is a cow" kwa watoto wanaokwenda nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Wakubwa wenzake walizungumza naye Kichagga au Kiswahili. Kiingereza chake kikubwa, kile cha vitabu vinene alivyohifadhi kwenye sanduku la bati, kilibaki cha kunifundishia mimi, jioni, kwa chaki, kwenye mlango wa stoo.

Hakunifundisha kama shuleni. Alipenda maneno yanayofanana. Aliyapanga mawili au matatu, akanitaka nione pengo lililopo katikati yake. "Ukijua 'big' unajua neno moja," alikuwa akisema. "Ukijua kwa nini mtu kasema 'big' na hakusema 'large', hapo unamjua mtu." Siku moja aliniandikia yale ya mazoea. "Habitual", akasema, ni kijia cha ng'ombe kule bondeni: amepita jana, amepita leo, mpaka nyasi zimekatika, lakini asipopita mwaka mmoja, nyasi zinarudi. "Chronic" ni kikohozi cha bibi yako, hakimuui na hakimwachi. Kwa "inveterate" alinishika mkono akanipeleka shambani. Ulikuwa wakati ambao bei ya kahawa ilianguka mpaka watu wakaona aibu kuitaja, wanunuzi wapya wakawa wanapita na mizani zao za kuning'iniza, na majirani walikuwa wanakata mibuni ya baba zao ili wapande nyanya. Baba naye alikuwa amekata mistari miwili. Akanionyesha kisiki kimoja alichohangaika nacho wiki nzima. "Hii ndiyo 'inveterate'. Juu umekata. Chini bado."

Nikamuuliza na lile la nne.

"Lile utaliona likija," akasema, akacheka.

Nilijua anacheka nini. Mwaka ule Baba alikuwa ameacha kazi ya serikali. Shule mpya ilikuwa imefunguliwa mjini, ya watu binafsi, ya kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, watoto wakivaa sweta za rangi ya zambarau na soksi ndefu. Walimtafuta wao. Mshahara ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa serikali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kulikuwa na watu wa kuzungumza nao lugha ile. Aliajiriwa kwa majaribio. "Niko probesheni," aliwaambia watu, na bibi akadhani ni cheo. Mama aliuliza majaribio hayo yataisha lini, naye akamweleza mezani, mbele yangu, kwa taratibu ya kumfundisha mtoto: "Itakuja barua. Ndani yake mtaona neno 'confirmed'. Maana yake nimethibitishwa, sitoki tena. Mkiliona hilo, chinjeni kuku."

Mama hakujua Kiingereza. Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa, akazaa, akafuga. Alilikariri neno lile kwa midomo, akilibana kama mtu anayeshika mayai: konfamdi. Mimi nilipata sababu yangu ya kulipenda. Mwaka uleule nilikuwa nimeanza mafundisho ya kipaimara, na mwinjilisti wetu, aliyependa kutuonyesha kwamba amefika mbali, alituambia kwa Kiingereza tunaitwa "confirmation class". Kwa hiyo kichwani mwangu neno lile lilikuwa na gauni jeupe, mkono wa mchungaji juu ya kichwa, na wali wa nazi. Sikuweza kufikiri kwamba lingeweza kusimama karibu na kitu kibaya.

Sasa niseme habari ya pombe, maana sijaisema, na hata nyumbani hatukuwa tunaisema. Baba alikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kule kwetu hilo si habari. Mbege hunywewa harusini, msibani, kwenye kupatanisha watu, na mzee asiyeonja huulizwa kama anaumwa. Lakini Baba alikunywa Jumatatu. Alikunywa akitoka kazini na, kama nilivyokuja kujua, akienda. Alipanda kilima jioni akiyumba, miguu ikimtangulia upande mmoja na kiwiliwili upande wa pili, na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba ndivyo walimu wanavyotembea, kwa sababu ya kusimama ubaoni kutwa nzima. Ushahidi nilikuwa nao, maana Mama alimchemshia maji akamwosha miguu. Nilimwonea huruma. Nikaapa kwamba nikiwa mkubwa nitafanya kazi ya kukaa.

Muhula wa pili katika shule mpya, Baba alirudi nyumbani siku moja asubuhi, saa ambayo angekuwa darasani. Alikuwa na tope magotini. Alimwambia Mama kwamba amepewa mapumziko kidogo na kwamba atakwenda Kahe kwa shangazi, dada yake mkubwa, akabadilishe hewa. Shangazi alikuwa ameokoka. Kwake huko tambarare hapakuingia pombe hata ya kupikia. Baba alifunga nguo zake mbili kwenye mfuko wa plastiki. Alipofika mlangoni alirudi, akamshika Mama begani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana, akasema, "Nikirudi utaniona." Akaondoka. Mimi nilidhani anamaanisha kwamba tusiwe na wasiwasi, hatapotea.

Kesho yake, ilikuwa Jumanne, alikuja mzee mmoja, tarishi wa ile shule. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu na alikuwa anatweta. Mama alikuwa bandani anakamua. "Shikamoo, baba," nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, akanipa bahasha ndefu ya kaki yenye mhuri wa zambarau. "Ya Mwalimu. Mpeni aisome upesi." Mama akamkaribisha mtori wa ndizi, akakataa. Kwetu mtu aliyepanda kilima kile akakataa mtori ana haraka sana au ana jambo. Sisi tuliona ana haraka.

Mama alifuta mikono kwenye khanga. "Fungua," akaniambia.

"Ni ya Baba."

"Si alisema itakuja? Fungua, mama, usome."

Nikafungua. Ilikuwa ukurasa mmoja, umepigwa chapa, maneno mengi marefu yaliyokaa karibukaribu. Nilikuwa darasa la sita. Nilijua "dear", nilijua "school", nilijua jina la Baba. Niliteremka na kidole mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo, na katikati kabisa ya ukurasa nikaliona. Lilikuwa zima, herufi zote zipo. Nikaruka. Kweli niliruka, nikagonga kichwa kwenye boriti ya banda.

"Mama, ipo! 'Confirmed'! Baba amethibitishwa!"

"Soma tena."

"Hii hapa. Con-firmed."

Akainama akaliangalia neno, akalifuata kwa kidole chenye maziwa, na likabaki na doa. "Konfamdi," akasema. Kisha akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe akaanza kulia, na mimi nikamkumbatia shingoni, na ng'ombe akapiga teke ndoo ya maziwa yakamwagika, na Mama hakugombeza. Hiyo ndiyo siku ya furaha kuliko zote nilizowahi kukaa na mama yangu. Nimejaribu kutafuta nyingine ya kuishinda, sijaipata.

Mbele ya neno lile palikuwa na "a". Nyuma yake palikuwa na neno jingine, refu, linaloanza na "d". Nililiona. Nilidhani ni cheo.

Kuku tulimchinja siku hiyohiyo, lakini Mama hakutosheka. Alisema jambo lile halikuwa la kuliwa na watu wawili na bibi. Jumapili alibeba mkungu wa ndizi wa kuchagua, jogoo, na kibuyu cha maziwa ya mgando, akavaa gauni lake la kijani lenye mikunjo, tukaenda navyo kanisani kutoa sadaka ya shukrani. Mwinjilisti alisimama akasoma kwenye kikaratasi: "Familia ya Mwalimu Elirehema inamshukuru Mungu kwa baba yao kuthibitishwa katika kazi yake mpya kule mjini." Mama alikuwa amesimama mbele, ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa kando yake, nimeshika jogoo miguu.

Nyuma kulipita sauti. Haikuwa kubwa, ilikuwa kama upepo unaopita kwenye mabua. Mtu alikohoa, mwingine akakohoa, halafu kwenye mabenchi ya wanawake wa upande wa kulia nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani wanafurahi nasi. Niliwatabasamia. Kulikuwa na wazazi wawili pale waliokuwa na watoto katika ile shule ya sweta za zambarau, na watoto wao walikuwa wamesharudi nyumbani na habari ya mwalimu aliyeanguka mbele ya darasa la tatu akiwa ameshika chaki, akashindwa kuinuka, akaendelea kufundisha akiwa chini. Kanisa zima lilijua. Tulikuwa sisi wawili tu ambao hatukujua, na tulisimama mbele ambapo kila mtu anatuona.

Baada ya ibada, nje kwenye mnada wa sadaka, mkungu wetu ulinunuliwa na mtu asiyetaka kutuangalia usoni. Mke wa mchungaji alimwita Mama ofisini kwa mazungumzo. Mimi nilikwenda nyumbani na bibi.

Baba alirudi Alhamisi. Nilimwona kwa mbali akipanda na kiroba cha mchele begani, na sikumtambua, kwa sababu alikuwa anatembea sawa. Alikuwa amenyoa. Weupe wa macho yake ulikuwa mweupe. Aliponishika kichwa mkono wake haukutetemeka, na ndipo nilipojua kwamba siku zote ulikuwa unatetemeka. Alikuwa amekaa siku kumi na moja bila kuonja tone, na shangazi alikuja kutusimulia baadaye jinsi siku tatu za kwanza alivyofungiwa chumbani akitapika na kulia na kuomba afunguliwe, na ya nne akaamka akaomba jembe akalime vitunguu.

Nilimkimbilia. "Baba, hongera! Umethibitishwa! Barua imekuja, tumekutolea shukrani kanisani!"

Alisimama. Aliteremsha kiroba taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Iko wapi?"

Mama alikuwa mlangoni. Alimwangalia Baba tangu juu mpaka chini, jinsi alivyonyooka, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukielewa. Akaingia ndani bila kusalimu, akatoka na bahasha, akampa, akaenda nyuma kwa ng'ombe.

Baba alisoma amesimama. Akasoma tena. Akaangalia tarehe, akahesabu kwa vidole kama mtoto. Kisha akakaa kwenye kigoda nje ya stoo, akaniita nisogee. Sauti yake haikuwa na hasira, nami nikashukuru, nisijue kwamba ingekuwa afadhali iwe nayo.

"Nani alimsomea Mama?"

"Mimi."

"Ulisoma nini?"

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu nyekundu mfukoni, ile aliyozoea kusahihishia, na akaanza kunifundisha. Barua ilisema hivi, akanifasiria moja kwa moja: kwamba uongozi umeridhika kuwa yeye ni mlevi, kwamba anatakiwa kufika mbele ya bodi ndani ya siku saba kujieleza kwa nini asiachishwe, kwamba asipofika, itahesabiwa kuwa hana la kusema, na ajira yake itakuwa imekoma. Siku saba zilikwisha juzi.

"Lile la nne," akasema. "Nilikuahidi utaliona. Sasa sikiliza vizuri. Mkuu wa shule angeandika 'habitual', angekuwa anasema nakunywa kila siku. Mtu anayefanya kitu kila siku anaweza kuamka siku moja asikifanye. Ningekwenda ningemjibu. Angeandika 'chronic', angekuwa amenihurumia, maana huyo ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali. 'Inveterate' ingekuwa kama ananipa heshima kidogo, kwamba mizizi yangu ni ya zamani, haikuanza shuleni kwake. Lakini huyu bwana anajua Kiingereza. Ameandika 'a confirmed drunkard'. Maana yake watu wamekaa wakaniangalia, wakamaliza kuniangalia. Hakuna tena cha kungoja. Na mwenyewe nimetia sahihi, kwa kutofika."

Akaweka alama ya vema, nyekundu, pembeni mwa neno. "Amepata," akasema.

Nililia mpaka nikapaliwa. Kisha nikafanya kitu nilichowaona wakubwa wakifanya. Nilikimbia mpaka mpakani mwa shamba, nikachuma jani la sale, lile ambalo kwetu mtu akikuletea huwezi kumnyima msamaha, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako. Nikampelekea kwa mikono miwili. Baba aliliangalia jani, akaniangalia mimi. Alilipokea. Hakusema amenisamehe, alilikunja mara moja, akalitia mfuko wa shati, na kesho yake asubuhi akavaa koti lake la harusi akateremka nalo mjini.

Yaliyotokea huko tulisimuliwa na yule tarishi, miaka mingi baadaye. Baba aliingizwa kwa mkuu wa shule. Mkuu alikuwa mtu wa mbali, si mtu wa mlimani, mtu safi asiye na ubaya. Baba alijieleza kwa Kiingereza kizuri sana, alisimama wima, hakunuka kitu. Alisema barua ilichelewa kumfikia. Hakusema kwa nini, hakunitaja. Mkuu akamwambia bodi imeshakaa Jumatano, nafasi imeshapewa mtu. Baba akawa ameishiwa maneno, yeye mwenye maneno yote yale. Akatoa lile jani mfukoni, akaliweka mezani juu ya makaratasi, akalisogeza mbele kwa vidole viwili. Mkuu akalitazama. Akamwuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, umekunywa tena asubuhi hii?"

Baba hakurudi nyumbani siku ile. Aliletwa kesho yake na vijana wawili, mmoja miguuni na mmoja kichwani.

Serikalini hawakumchukua tena. Alifundisha twisheni kwa muda, halafu wazazi wakaacha kumletea watoto. Migomba tulikuwa nayo yetu, na ulezi wa kukoroga mbege ni rahisi kuupata. Pombe haikuhitaji mtu awe na mshahara. Mlango wa stoo ulioza ukabadilishwa. Hakuwahi kunifundisha tena, wala mimi sikumwomba. Nilijifunza Kiingereza peke yangu, kwa hasira, kama mtu anayejifunza kutumia silaha baada ya kuvamiwa. Nilipokuwa kidato cha tatu alilazwa, tumbo limejaa maji, macho ya manjano kama ndizi mbivu. Nilisoma faili lake lililoning'inizwa mwisho wa kitanda. Daktari alikuwa ameandika "chronic". Nikamwambia Baba, nikitaka kumfurahisha, kwamba humu wameandika lile la pili, lile la kuhurumia. "Wamechelewa," akasema.

Tulimzika kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Watu walikuja wengi, na mbege ilikuwa nyingi.

Niliishi na jambo lile kama mtu anavyoishi na mguu mfupi. Nilikuwa nimemuua baba yangu kwa neno moja. Nilikwenda chuo kusomea neno lile. Niliolewa, nikamwambia mume wangu kila kitu isipokuwa hilo. Darasani mwanafunzi akikurupuka kujibu kabla hajasoma sentensi mpaka mwisho, napata ukali ambao mwenyewe unanitisha, na najua wananiita jina fulani nyuma ya mgongo.

Miaka michache iliyopita, Desemba, nilipokwenda nyumbani kwa Krismasi, nilimkuta Mama amezeeka ghafla. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori, sisi wawili, utomvu wa ndizi umetuganda vidoleni. Nikamwambia. Sijui kwa nini siku ile. Nilimwambia kwamba nimekuwa nikitaka kumwomba msamaha kwa ile barua, maana kama ningeisoma sawasawa angemtuma mtu Kahe, na Baba angefika ndani ya siku saba, na alikuwa ameshaacha, alikuwa ameshaacha kabisa.

Mama aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi moja, akaitia kwenye maji.

"Niliambiwa Jumapili," akasema.

"Jumapili gani?"

"Ile ya kanisa. Barua nilikuwa nayo mkobani, Mama Mchungaji akanisomea ofisini. Yote, mpaka chini."

Nikahesabu. Sikuhitaji vidole. "Mama, Jumapili zilikuwa zimebaki siku mbili."

"Zilikuwa zimebaki siku mbili."

"Kahe ni mwendo wa asubuhi tu."

"Najua Kahe ilipo." Akaweka kisu chini. "Nilitoka pale kanisani watu wamenicheka na gauni langu la kijani. Nikasema, basi. Mshahara ule ndio uliokuwa unamnywesha mjini. Ukikatika, nikasema, na pombe itakatika. Atakaa hapa, atalima, nitamwona. Sikujua kwamba alikuwa anaacha, hakuniambia. Nilipomwona anapanda Alhamisi ile, amenyoa…" Hakumaliza. "Nilichoka, mwanangu. Ungekuwa mkubwa ungejua kuchoka kulivyo."

"Na mimi? Mama, miaka yote hii umeniacha nikijua ni mimi."

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo lililo wazi. "Ningesema, ningekuwa mimi niliyemmaliza, na bibi yako alikuwa hai, na shangazi yako, na ukoo wote. Wangenifukuza kwenye kihamba. Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto hasamehewi?"

"Na nani?"

"Baba yako hakukulaumu hata siku moja."

"Hakunilaumu," nikasema. "Na wewe ulikuwa nyuma kwa ng'ombe, ukisikiliza."

Akachukua kisu chake tena. Tulimaliza kumenya. Tulipika, tukala, wajukuu wake wakacheza, tukaimba nyimbo za Krismasi. Siku ya kuondoka alinifungia maziwa na ndizi kama kila mwaka, nami nikazipokea kwa mikono miwili kama kila mwaka.

Bado ninakwenda. Ni mama yangu, na hana mwingine wa karibu. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri hata Kiswahili, kwa hiyo ninapofika huniwekea karatasi zake zote mezani: za hospitali, za kanisa, za mambo ya shamba. Ninamsomea neno kwa neno, polepole, siongezi wala sipunguzi. Yeye hukaa mbele yangu na mikono mapajani, ameinama kidogo, ananitazama mdomo. Nikimaliza huikunja karatasi, huitia kwenye mkoba wake, na Jumapili inayofuata huipeleka kwa mwinjilisti asomewe tena.